Katalogi ya Majina Kumi na Tisa

Jina haliandikwi.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Idara ya upelelezi, wala hapakuwa na mtu wa Idara, tangu mkuu wake hadi mfagiaji, ambaye hakuijua. Jina la mtu anayeleta habari hukaa kichwani. Haliandikwi katika karatasi, wala ukutani, wala katika kiganja cha mkono. Atakayeliandika atalipa adhabu atakayotajiwa, naye hataomba kupunguziwa.

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Ijumaa ya kwanza ya Agosti mwaka 1956, simu ililia katika nyumba ya wageni mjini Iringa.

Lutengano Mwansasu, mpelelezi wa Idara, aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Sema."

"Kitabu kimegeuka, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Eliezeri, mkutubi wa chuo cha misheni.

"Kipi?"

"Kile kikubwa."

Lutengano aliweka simu chini. Akavaa koti. Akaifungua bastola yake ya Webley, akahesabu risasi sita, akaifunga na kuitia kwapani. Dakika nne baadaye Land Rover ya kijani ilikuwa ikipanda kilima kwa gia ya pili.

Bawabu alilala mlangoni pa maktaba.

Alikuwa Saulo, Mhehe wa miaka hamsini, aliyeufungua mlango ule kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Waya mwembamba ulikuwa umezama shingoni mwake hata hauonekani. Kucha zake zilikuwa zimevunjika. Saulo hakukubali kufa upesi.

Lutengano alimfumba macho, akaingia.

Mwalimu Eliezeri alisimama mbele ya rafu ya tatu, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya wakubwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hata asubuhi ile. Miaka ishirini iliyopita alimfundisha Lutengano kusoma.

"Tazama," alisema.

Lutengano alitazama. Waasisi wa maktaba ile walikuwa wasomi wa mtindo wa kale. Walizipanga rafu zao kwa desturi ya vyuo vikuu vya Ulaya vya miaka mia tatu iliyopita, wakati vitabu vilipofungwa kwa minyororo ya chuma. Mnyororo ulishikizwa mbele ya jalada. Kwa hiyo mgongo wa kitabu ulielekea ukutani, na kurasa zikamwelekea msomaji. Minyororo haikufika Iringa. Desturi ilifika. Katika chumba kile kila kitabu kiliuficha mgongo, na nambari yake iliandikwa kwa wino kwenye ukingo wa kurasa.

Kimoja tu kilikuwa kimetoa mgongo.

Eliezeri alikivuta. "Hiki ni kitabu cha mahubiri. Ngozi ileile, unene uleule. Mwizi alikiweka mahali pa katalogi yetu kubwa ili nisigundue hadi Jumatatu. Lakini mkono wake ukakiweka kama anavyoweka vitabu vyake nyumbani."

"Nani?"

"Dokta Hollmann. Alikuja Jumatatu na barua tatu za kumtambulisha. Akasema anaandika historia ya katalogi za kwanza zilizopigwa chapa."

"Mzee, mtu hauawi kwa sababu ya orodha ya vitabu."

Eliezeri alikirudisha kile kitabu rafuni.

"Mwalimu. Katalogi ile ina nini?"

Mzee alivua miwani yake. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na yenye haya.

"Ina majina," alisema.

"Mangapi?"

"Kumi na tisa. Wote."

Lutengano alielewa mara moja. Kwa miaka miwili kundi la wageni lilikuwa likitorosha dhahabu ya Makongolosi, na kwa dhahabu ile likinunua bunduki na kuzificha milimani. Watu kumi na tisa walilipeleleza: wapishi, mafundi, wachuuzi. Kila mmoja alileta habari zake kwa Eliezeri, zimekunjwa ndani ya kitabu kilichorudishwa maktabani. Eliezeri pekee aliwajua wote.

Lutengano alimjua mmoja. Alikuwa amemwingiza yeye mwenyewe. Tupokigwe, mpishi wa kambi ya machimbo ya Makongolosi, dada yake wa tumbo moja.

"Jana jioni fundi cherehani aliokotwa amekufa mtaroni Mbalizi," alisema Lutengano taratibu. "Ulimi umekatwa. Anaitwa Jaha."

Eliezeri alishika rafu.

"Alikuwa wako?"

"Alikuwa wangu."

"Ingia garini."

Peugeot 203 nyeusi ya Hollmann ilikuwa imeondoka Iringa nusu saa kabla yao, ikielekea Mbeya. Wachunga ng'ombe wa Tanangozi waliiona. Mwuza mkaa wa Ifunda aliiona. Barabara ilikuwa ya udongo, yenye makorongo ya magari makubwa, na Land Rover iliruka kama mnyama aliyechomwa.

Lutengano alichukua kipaza sauti cha redio ya Pye iliyofungwa chini ya dashibodi.

"Nyundo anaita Kituo."

"Kituo anasikia." Mwantumu wa Mbeya, binti wa wafanyabiashara wa pwani, hakupoteza neno hata akilipwa. "Sema, kaka."

"Peugeot 203, nyeusi. Mzungu mmoja, pengine na dereva. Wasisimamishwe. Wafuatwe kwa macho tu."

"Kwa nini wasisimamishwe?"

"Wakishtuka watatuma habari. Nataka kujua wanaituma wapi."

"Nimekupata. Kaka, unaendesha kwa kasi gani? Nasikia meno yako."

"Kwa kasi inayotosha."

Akafunga. Waliingia msitu wa Sao Hill.

"Kwa nini?" aliuliza hatimaye, macho barabarani.

Eliezeri alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. "Utanicheka."

"Sijacheka tangu asubuhi."

"Katika vyuo vikuu vya kwanza hapakuwa na katalogi, mwanangu. Palikuwa na ubao uliotundikwa mwisho wa kila rafu, na orodha ya vitabu vyake. Ulipotaka kujua chuo kina nini, ulisafiri. Kisha wakaanza kuichapa orodha. Kwanza kwa elimu: ya Mungu, ya sheria, ya tiba, na nyinginezo. Baadaye kwa alfabeti. Mtu aliye mbali, bila kuondoka mezani pake, akajua kuna nini katika chumba asichokiona. Vyuo vingine vikazinunua katalogi zile, vikaandika nambari za rafu zao pembeni, zikawa katalogi zao pia. Ndivyo waasisi wetu walivyofanya. Ile yetu ilichapwa mwaka 1681. Wakutubi watano wameiandika kabla yangu."

"Sikuuliza habari za mwaka 1681."

"Najibu ulichouliza. Nilifundishwa kazi moja tu. Kitu kikiingia mikononi mwangu, nakiandika mahali pake, kisipotee. Watu kumi na tisa waliingia mikononi mwangu. Nikaona nikifa watapotea, hakuna atakayejua kuwa walikuwapo. Nikachagua vitabu kumi na tisa tusivyokuwa navyo, nikaandika pembeni. Jina, kazi, mji. Kwa herufi ndogo sana. Kila mtu chini ya herufi yake."

"Na Hollmann akaona."

"Alichoona ni kwamba mtu ameandika pembeni mwa kitabu ambacho maktaba haina. Hakuna mwingine ambaye angeliona. Ni msomi wa kweli yule. Juzi jioni aliniuliza kwa nini. Alikuwa ameshika ukurasa wa herufi J. Nikamwambia ni kosa la mkutubi wa zamani. Nikaona hakuniamini, nikaenda kulala."

"Ukaenda kulala."

"Ndiyo. Sikukupigia. Niliona haya."

Kwa hiyo Hollmann alipiga simu Mbeya, na Jaha akakatwa ulimi.

"Mtoe dada yako Makongolosi," alisema Eliezeri. "Mwambie yule binti wa redio atume gari."

"Gari geni likimfuata mpishi, kambi yote itajua ndani ya saa moja. Na wale kumi na saba wengine je?"

Land Rover ilipita Makambako bila kupunguza mwendo.

Darajani Igawa, lori la Bedford lilisimama kuziba njia.

Boneti yake ilikuwa wazi. Mtu mmoja mnene, kofia ya majani kichwani, aliinama juu ya injini. Chini, mto Mbarali ulikuwa ukiunguruma juu ya mawe.

"Inama," alisema Lutengano.

Eliezeri aliinama. Kioo cha mbele kikapasuka.

Sten, bunduki ya rasharasha.

Risasi zilipita juu ya viti na kutoboa turubai. Lutengano hakushika breki. Aliiendea ile bunduki moja kwa moja, akakata usukani dakika ya mwisho, na pembe ya mbele ya Land Rover ikambana yule mtu kwenye gurudumu la lori. Mfupa ulilia. Sten ikaanguka, ikateleza, ikaingia mtoni.

Wa pili alitokea nyuma ya lori na panga. Lutengano alimpiga risasi moja kifuani kupitia dirishani. Alirudi nyuma hatua tatu, akaukosa ukingo, akaifuata Sten.

Injini ilizimika. Mvuke ulipanda.

Yule mnene alikuwa hai, paja limevunjika. Lutengano alimjua: Jailos, dereva wa zamani wa magari ya machimbo, mtu aliyeua kwa malipo ya wiki.

"Mnyakyusa," alisema Jailos huku akikenua meno yenye damu. "Umevunja gari la watu. Utalipa."

"Yuko wapi Mzungu?"

"Anasoma. Yule bwana anapenda kusoma." Akamwona Eliezeri akishuka, uso umechanwa na vioo. "Shikamoo, mzee wa vitabu. Fundi wako alilia kama mtoto."

Lutengano aliweka kiatu chake juu ya paja lililovunjika, akalielemea.

Ng'ombe wa ng'ambo waliinua vichwa.

"Wapi?"

"Mbalizi," alisema Jailos pumzi ilipomrudia. "Tanuri la pareto lililoachwa. Ana simu ya upepo. Saa kumi na moja jioni atasoma majina, wenzetu Makongolosi wataandika. Kazi itakwisha kabla ya chakula cha jioni."

"Kwa nini asubiri saa kumi na moja?"

"Muulize mzee. Kitabu kina kurasa mia saba."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefika kiunoni. Kisu kilitoka. Lutengano alimpiga risasi chini ya jicho.

Alitazama saa yake ya Omega. Saa saba na robo.

"Nisaidie kumwondoa," alimwambia Eliezeri. "Tunalihitaji lori."

Bedford iliingia Mbalizi saa kumi na dakika ishirini na tano. Siku ya soko ilikuwa imeisha. Wanawake walikuwa wakifunga mizigo ya viazi. Mlango wa banda la fundi cherehani ulikuwa umefungwa kwa kamba.

Tanuri lilikuwa juu ya mji, jengo la matofali mabichi lenye ghorofa moja. Chini, mafiga makubwa ya kuni. Juu, sakafu ya waya ambayo maua ya pareto yalitandazwa kukaushwa. Peugeot ilisimama kivulini. Moshi mwembamba ulitoka bombani. Mtu alikuwa amewasha moto.

"Kwa nini moto?" alinong'ona Eliezeri.

"Akimaliza ataichoma katalogi. Hatabeba ushahidi."

Mzee alisimama palepale. Ilikuwa kama mtu ameambiwa kwamba mtoto wake yu mgonjwa.

"Mwalimu. Mlango mmoja. Dirisha moja la juu. Nahitaji dakika tano awe amenipa mgongo."

"Atanipiga risasi."

"Pengine. Lakini hana mtu wa kuzungumza naye juu ya mwaka 1681."

Eliezeri alifuta damu usoni kwa leso, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaenda kwenye mlango, akabisha hodi kama mgeni mwema.

Mlinzi wa nje alikuwa akikojoa nyuma ya jengo. Lutengano alimziba mdomo, akaigeuza shingo yake kwa nguvu moja, akamlaza kwenye majani. Akapanda ukuta.

Sakafu ya waya ilikuwa imejaa maua ya zamani. Vumbi lake kali liliingia puani na kuchoma koo. Alilala kifudifudi juu yake, akatazama chini.

Dokta Hollmann aliketi mezani, mikono ya shati imekunjwa, katalogi wazi mbele yake. Kulia kwake, bastola ya Luger. Kushoto, mtambo wa simu ya upepo uliounganishwa na betri ya gari. Katikati, karatasi yenye orodha.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili safi, bila kuinuka. "Karibu. Nimefika herufi R. Una mkono mzuri sana wa kuandika."

"Umeua watu wawili."

"Sikuua mtu. Nilisoma tu." Akafunua ukurasa kwa ncha ya kidole, kwa upole kabisa. "Nimeona katalogi nyingi. Hakuna iliyotumiwa hivi. Majina kumi na matatu hadi sasa. Yamebaki sita, au nimekosea?"

"Umekosea."

Hollmann aliinua macho. Usomi ulikuwa umemshika. "Nimekosea wapi?"

"Ulifuata alfabeti," alisema Eliezeri, akisogea upande wa moto, hata Hollmann akageuka na kiti chake ili amwone. "Lakini mwisho kuna nyongeza. Vitabu walivyovipata baada ya kazi ya chapa kuanza. Wachapaji wa zamani hawakurudi nyuma kuviingiza mahali pake, walivichapa kando. Hukuanza hapo."

"Nyongeza." Hollmann alifunua kurasa za mwisho haraka. "Bila shaka. Bila shaka iko."

Mtambo ulikoroma. Sauti ikatoka, ya mbali, yenye mikwaruzo.

"Makongolosi. Tuko tayari kuandika."

Hollmann alitazama saa, akachukua karatasi yake, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Waya wa sakafu ya juu uliachia.

Lutengano alianguka pamoja na maua, vumbi na kutu, akatua juu ya meza. Mguu wa meza ukavunjika. Hollmann alikuwa mwepesi kuliko umri wake; Luger ililia mara mbili, moja ikauchana mkono wa koti la Lutengano na nyama iliyokuwa ndani yake. Lutengano aliipiga ile bastola kwa kitako cha Webley, na vidole viwili vya Hollmann vikavunjika. Hollmann hakulia. Kwa mkono mzima aliirukia swichi.

"Andikeni," alisema. "Wa kwanza ni..."

Webley ilinguruma.

Hollmann aliketi chini, mgongo ukutani. Alijitazama kifuani, kisha akamtazama Eliezeri.

"Nyongeza," alisema. "Haipo, sivyo?"

"Ipo," alisema Eliezeri. "Ila sikuandika kitu humo."

Hollmann alitikisa kichwa kidogo, akafa.

"Wa kwanza ni nani?" iliuliza sauti ya Makongolosi. "Rudia. Wa kwanza ni nani?"

Lutengano aliinamia mtambo. Damu ilikuwa ikichirizika hadi kwenye kiwiko.

"Dokta amefunga maktaba," alisema, akaupiga mtambo teke hadi balbu zake zikapasuka.

Alichukua karatasi ya majina kumi na matatu, akaitupa motoni bila kuisoma. Akafunga jeraha lake kwa leso ya mzee. Kisha akaiokota katalogi, akaifuta vumbi, akamwekea Eliezeri mikononi.

Eliezeri aliikumbatia. "Nitayafuta," alisema upesi. "Kwa wembe. Nitakwangua moja moja, mwanangu, hata alama haitabaki."

"Wembe huacha kovu, na yeye alisoma kovu. Adhabu yako ni hiyo uliyoishika. Utaichoma yote, na kwa mkono wako."

"Nakala zake zimebaki tatu tu duniani."

"Zitabaki mbili."

"Katika vyuo vile vya kale msomaji aliapa kutoingiza moto maktabani. Nami niliapa. Niliinua mkono mbele ya watu."

"Na Jaha aliapa nini mbele yako, Mwalimu?"

Mzee alipiga magoti mbele ya mafiga. Alichana ukurasa wa kwanza, wenye jina la chuo na mwaka, akautia motoni. Karatasi ya zamani ni nene. Iliungua polepole, na wino wa wakutubi watano ukageuka buluu kabla ya kuwa mweusi. Akachana wa pili.

Lutengano alisimama nyuma yake kwa saa moja na nusu, Webley mkononi, akisikia karatasi zikichanika. Hakuketi. Hakuvuta sigara.

Ilipobaki ngozi tu, Eliezeri aliitia nayo. Ilijikunja na kunuka.

"Sasa nitajie," alisema Lutengano.

"Nini?"

"Majina. Mkuu wa Idara atawaondoa wote usiku huu, mmoja mmoja, kwa njia zake. Anahitaji kuyasikia."

Eliezeri alifumba macho. Akaanza. Asukile, mpimaji wa Chunya. Fanueli, dereva. Verediana, mwuguzi. Joachim. Tusajigwe. Selemani wa duka la mafuta. Hakusita, hakurudi nyuma, hakukosea mji wala kazi. Kumi na wanane. Tupokigwe, mpishi, Makongolosi, alikuwa wa mwisho.

Moto ulianguka kati ya mafiga.

"Uliyajua yote," alisema Lutengano.

"Niliyajua siku zote."

Mzee aliiangalia mikono yake iliyojaa masizi. Lutengano aliirudisha Webley kwapani, akafunga vifungo vya koti juu ya damu.

"Umelipa, Mwalimu," alisema. "Nitapita Kituoni kuyataja, na Mwantumu atakutumia gari."

Akatoka, akawasha Bedford, akageuza kuelekea barabara ya Chunya, iendayo Makongolosi.